Jina la Huyu Mwingine

Kibiti, 13 Februari 1993

Kwa Bibi yangu Mwamvua, Mbwera,

Shikamoo Bibi, na shikamoo kwa Baba na Mama. Barua hii nampa Gasper, dereva wa gari la barafu linalofuata kamba Nyamisati, naye ataikabidhi kwenye boti la huko kwetu. Ikifika imelowa uianike kabla ya kuifungua. Yako ya mwisho ilinuka kamba bweni zima, wenzangu wakaniuliza kama nimeletewa kitoweo.

Masomo yanakwenda vizuri. Mwalimu Leodgar, anayetunza maktaba, ananiacha nisome humo mpaka jioni, lakini kwenye ripoti yangu ameandika, "Haruni ana sauti kwenye karatasi tu." Sikumlaumu. Juzi aliniuliza swali ambalo jibu lake nalijua kabisa. Nikasimama, wote wakanigeukia, nikakaa.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi iliyopita nilipata ruhusa ya kutoka, nikamsindikiza Dada Salama kliniki hapa Kibiti. Shemeji Saidy alikuwa amebaki Bungu kwenye palizi. Nesi Elieth, yule Mpare mwenye kucheka na kugomba kwa wakati mmoja, alimpapasa tumbo, akaweka kile chombo cha kusikilizia upande huu na upande ule, kisha akamwuliza, "Salama, kwenu kuna mapacha?"

Dada akasema hajui.

"Basi sasa wapo," akasema Nesi.

Dada alicheka njia nzima hadi kituoni, halafu akalia kidogo, halafu akanunua miwa. Bibi, kwetu kuna mapacha? Nesi anasema mara nyingi jambo hili hufuata ukoo. Nauliza ili nijue tu.

Nimeanza kutafuta majina vitabuni. Kipo kitabu kizuri cha sayari. Je, unaonaje Zohali na Mshtarii? Ni sayari mbili kubwa, na hakuna mtu Bungu nzima mwenye majina hayo.

Mjukuu wako,
Haruni


Mbwera, 28 Februari 1993

Kwa mume wangu Haruni,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Huku wote wazima isipokuwa mbuzi wa baba yako aliyekula sabuni, anatoa povu lakini anaishi. Mpunga umeshika. Nguruwe wanatusumbua, kwa hiyo barua hii naiandikia juu ya dungu, shambani, mkono mmoja kalamu na mkono mmoja debe la kupiga. Utaona mistari imepinda. Sisi watu wa ngumbaru tulifundishwa kusoma na kuandika, hatukufundishwa kurefusha.

Habari ya Salama imenifanya niteremke dunguni nicheze peke yangu.

Hayo majina ya nyota mrudishie mwenye kitabu. Mama atamwitaje mwanawe Mshtarii akiwa na haraka? Mpaka amalize, mtoto ameshaanguka kisimani.

Sikiliza nikufundishe kitu ambacho hakimo maktaba. Mtoto wa kwanza huitwa na kuumeni, kwa watu wa baba yake. Wa pili huitwa na kukeni, kwetu sisi. Salama aliitwa na wakwe zangu. Wewe nilikuita mie, jina la marehemu babu yako, na ndiyo sababu nakuita mume ingawa hujanijengea hata banda. Sasa Mungu amemletea Salama wa kwanza na wa pili kwa mkupuo mmoja. Wa kwanza kutoka ni wa Bungu, wasigombe. Wa pili ni wangu. Nilidhani nitakufa nikingoja zamu hii.

Na jina ninalo. Nimeliweka miaka mingi. Silitii kwenye karatasi ya kupita mikononi mwa wauza kamba. Mama yako atakuja Kibiti mwezi wa nne kumwuguza dada yako, atakuja nalo mdomoni.

Kula vizuri. Wake wa watu hawapendi mume mwembamba.

Mimi mkeo,
Mwamvua


Kibiti, 20 Machi 1993

Kwa Bibi,

Shikamoo. Nafurahi mbuzi anaishi. Hapa mvua zimeanza, na barabara ya Nyamisati imekuwa ya matope. Gasper anasema gari lake sasa linatembea kama kaa.

Nilifika Bungu nikawapa ujumbe wako. Mama yake Shemeji, Bi Mwantumu, alikuwa anapepeta. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Mwambie mkwe wangu kwamba amesema haki," akasema. "Wa kwanza wetu, tutamwita Mfaume kama marehemu mume wangu. Je, akiwa wa kike?"

Nikasema sijui.

"Hata mie sijui. Basi asiwe wa kike." Kisha akamwambia Dada, "Huyu mdogo wako anaongea kama anayekopa maneno dukani."

Wote walicheka, nami nilicheka kidogo.

Swali langu kuhusu mapacha katika ukoo hukulijibu. Labda mahali pale barua ililowa.

Haruni


Kibiti, 21 Aprili 1993

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo Bibi! Leo sitaanza na masomo.

Dada Salama amejifungua jana mchana na yu mzima. Mama amesema nianze na hilo. La pili ni kwamba si wawili. Ni watatu.

Nesi Elieth mwenyewe hakujua. Alikuja Mfaume, analia kama mnadi samaki. Akafuata wa kike, kimya, anatazama. Nesi akaanza kunawa mikono, Dada akamwambia, "Nesi, bado." Nesi akasema, "Bado nini?" Ndipo akaja mwingine, wa kike pia.

Habari imezunguka Kibiti nzima. Watu wanakuja kuchungulia dirishani. Gasper alisimamisha gari na barafu yake ikiyeyuka, akamwambia Shemeji, "Ongeza wanane tu, bwana, uingie ligi." Shemeji anatabasamu na kutembea huku na huku akibeba ndoo tupu.

Sasa kuna suala. Bi Mwantumu alifika leo asubuhi akawahesabu kwa kidole. "Wa kwanza wetu, wa pili wao, wa tatu wetu tena. Ndivyo zamu inavyokwenda." Mama hakuweza kubishana na mkwe, akanivuta nje akasema nikuandikie upesi. Siku ya saba ni Jumatatu ijayo. Mwalimu wa chuo atatoka Bungu kuja kusoma dua na kuwapa majina hapa hapa, katika chumba alichopanga Shemeji karibu na kituo cha afya, maana Nesi hataki Dada aende mbali.

Huyo wa tatu ni mdogo. Nesi anasema avumiliwe.

Haruni


Mbwera, 23 Aprili 1993

Kwa mume wangu Haruni,

Alhamdulillahi! Watatu! Nimegonga debe nyumba hadi nyumba, nguruwe wale mpunga wakitaka.

Mwambie Mwantumu kwa heshima zote za ukwe kwamba hesabu yake ni ya dukani. Nani aliyebeba tumbo? Mwanangu alimbeba Salama, Salama kawabeba hao. Wakizidi wawili, ziada ni ya mwenye tumbo. Wa tatu ni wetu. Asipokubali nitakuja mwenyewe na mvua hii, tukae uso kwa uso tutazamane mpaka mmoja acheke.

Mwamvua

Nilikuwa nimeshaikunja barua hii. Gasper amefika na boti la kamba, nikamwuliza habari. Ameniambia alivyomwona huyo mdogo. Anasema alidhani ni mkono wa mtu umefunikwa khanga.

Haruni, waachie Bungu. Bi Mwantumu ana haki yake, amehesabu vizuri. Tusigombane na wakwe. Wa pili apewe jina alilokuja nalo mama yako. Huyo mwingine wamwite wao.


Kibiti, 27 Aprili 1993

Kwa Bibi,

Shikamoo. Dada anakusalimu, ananyonyesha wawili na wa tatu anamkamulia kwenye kikombe na kumnywesha kwa kijiko. Nesi Elieth amemfunga huyo mdogo kifuani kwa Dada, ngozi kwa ngozi, na hamfungui ila kumsafisha. Dada akichoka anafungwa kwa Mama. Jana kwa muda alifungwa kwa Shemeji Saidy, akakaa bila kuthubutu kukohoa.

Barua yako ilifika Jumamosi. Niliisoma sehemu ya kwanza nikacheka, nikasoma ya pili. Nilimpa Mama akaisoma pia, akairudisha.

Nakueleza yote ya jana kama yalivyokuwa.

Tulijaa chumbani. Mwalimu wa chuo alimchukua wa kwanza akauliza, "Huyu?"

"Mfaume," akasema Shemeji, na Bi Mwantumu akapiga kigelegele.

"Huyu?"

Mama alilitoa jina polepole, kama mtu anayepokezana na mwenzake kikombe cha moto. "Fatu." Kisha akageukia ukutani akajifuta macho kwa upande wa khanga. Sikuelewa kwa nini. Fatu ni jina la kawaida.

"Na huyu mwingine?"

Bibi, siku saba zote anaitwa hivyo. Huyu mwingine amekunywa? Mfunike huyu mwingine.

Bi Mwantumu akasema, "Huyo tumewaachia kukeni. Wana majina mazuri."

Mama akasema, "Hapana mkwe, bibi yake kaagiza tuwaachie nyie."

"Ah, sisi tumeshapata wetu. Chukueni."

"Nyie ndio wenye zamu. Chukueni."

Kila mtu alikuwa na adabu sana. Nilikumbuka watu wanavyosukumiana nyama ya mwisho kwenye sinia, ila pale kila mmoja huitaka. Nilitazama nyuso zao nikaelewa. Hakuna aliyetaka kumpa jina la mtu wake, kisha amzike nalo.

Mwalimu akasema, "Basi huyu tumngoje kidogo."

Nesi Elieth alikuwa mlangoni. "Mnangoja nini?" akauliza. Dada Salama alikuwa ameinamisha kichwa, anakitazama kile kichwa kidogo kifuani mwake, na mkono wake ulikuwa umekifunika sikio. Alikuwa anamzibia asisikie.

Nikasema, "Mwamvua."

Sikusema kwa nguvu, lakini wote walinigeukia. Bi Mwantumu akasema, "Lo! Kumbe anasema?"

"Mwamvua wa nani?" akauliza mwalimu.

"Bibi yetu. Yuko Mbwera, mzima, ana nguvu kuliko sisi wote."

Dada akaondoa mkono sikioni. Mwalimu akainama akalitaja jina lako, akasoma dua, tukaitikia amina.

Bibi, najua jina la mtu aliye hai huombwa kwanza kwa mwenyewe. Nilitaka kukuomba, lakini hapakuwa na boti. Halikuwa jina langu la kutoa, na sasa limetoka. Nalala nikiwaza utasema nini.

Haruni


Kibiti, 24 Mei 1993

Kwa Bibi,

Shikamoo. Nasikia mmeanza kuvuna na Baba ameongeza kibanda cha kuku. Haya nimeyapata kwa Gasper, si kwako.

Nilimwuliza kama barua yangu ilifika. Akasema, "Safari hiyo pia nilipanda boti mwenyewe, nilikuwa nakwenda kupima kamba Mbwera. Niliiweka mkononi mwake. Akaisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaingia ndani akafunga mlango. Mie nikabaki nje na kiu yangu." Tangu siku hiyo amekwenda mara nyingi, na kila akirudi namkimbilia barabarani, naye ananionyesha viganja vitupu.

Bibi, kama umekasirika sema umekasirika. Mwalimu Leodgar anasema maktaba inafungwa mapema siku hizi kwa sababu nimeacha kugeuza kurasa.

Huku kuna habari njema na lazima uzijue, ukitaka usitake. Nesi Elieth anawapima kwa ile mizani ya kuning'iniza. Mfaume ni mzito mpaka kamba inalia. Fatu amenona, ana tabia ya kutazama watu mpaka wanaona haya. Na Mwamvua amefungua macho sawasawa. Amehama kijiko, sasa ananyonya. Mara ya kwanza Dada alipiga ukelele, Nesi akaja mbio na sindano mkononi akidhani kuna jambo, kisha wakasimama wote wawili wakamtazama anavyovuta.

Bi Mwantumu ndiye anayemfunga kifuani zaidi siku hizi. Jana nilimsikia akimwambia, "Wewe Mwamvua ni mchokozi kama mwenye jina. Ningejua utakuwa hivi ningekuita Mwantumu." Nesi akamwambia, "Umechelewa, Mama." Naye akasema, "Nawe Mpare usiingilie mambo ya pwani." Walicheka wote.

Sina ninachojutia ila kutokukuuliza. Jina siwezi kulirudisha, ameshaanza kuligeukia.

Haruni


Kibiti, 12 Juni 1993

Bibi, shikamoo tu. Wameruhusiwa wote watatu kurudi Bungu. Mwamvua alipiga chafya kwenye basi, konda akamwambia afya.

Haruni


Mbwera, 2 Julai 1993

Kwa somo yangu Mwamvua binti Saidy, Bungu,

Haruni, wewe hapa ni msomaji tu. Barua si yako. Mpelekee, umsomee akiwa ameshiba, na usiruke mstari.

Somo yangu, mwenye jina langu, hujambo. Waulizie hali pacha zako wawili, na mama yako, na mkwe wangu Mwantumu ambaye nasikia amejifanya wewe ni wake. Huku tumevuna salama. Magunia yamejaa, hata nguruwe wamenenepa. Mbuzi wa babu yako amezaa.

Nimechelewa kukuandikia. Nisikilize nikwambie sababu, maana wewe huwezi kumwambia mtu.

Zamani nilizaa mapacha. Wote wa kike. Mmoja alikuwa na sauti, mwenziwe alikuwa kama ulivyokuwa wewe. Tukampa yule mdogo jina la mama yangu, Fatu. Tulidhani jina la mtu mkubwa litamshika mkono. Mwezi haukuisha. Nikamzika mtoto, na jina la mama yangu likaenda naye, maana tangu siku ile hakuna aliyethubutu kulitaja nyumbani kwangu. Aliyebaki tukamwita Tabu, kwa sababu ya tuliyoyapata. Ndiye bibi yako aliyekufunga kifuani. Alipolitamka jina Fatu mbele za watu alikuwa anamtaja pacha wake.

Kwa hiyo kwetu mapacha wapo. Mwambie mjomba wako kwamba swali lake halikulowa.

Safari hii nilitaka Fatu apewe mwenye nguvu, na nimefurahi kalipata huyo mtazama watu. Wewe niliogopa kukupa lolote. Nikakusukumia kwa wakwe kwa maneno mazuri. Kisha mjomba wako asiyesema akasema, na alichokitoa si jina la marehemu. Ni langu, ninalotumia kila siku.

Niliposoma barua ile niliingia ndani. Basi tangu hapo, mtu akiniita kisimani, "Mwamvua!" nilishtuka. Nilidhani wananipa habari yako. Boti likitia nanga, mie nilikuwa naingia ndani na kufunga mlango. Hata kalamu niliificha. Hizo barua za mjomba wako zote nimezisoma mpaka zimechanika mikunjo, ila jibu lilikuwa halitoki.

Wiki iliyopita nilikuwa napura mpunga. Jirani akaniita kwa nyuma, "Mwamvua!" Nikaitika, "Naam," nikaendelea kupura. Ndiyo kwanza nikajua sikushtuka. Nikaacha fimbo pale pale nikaenda kutafuta kalamu.

Somo yako ana wajibu kwako. Gasper atakuletea kipande cha khanga. Nimenunua doti mpya, siku hizi wachuuzi wanazileta mpaka huku, za rangi za kila namna. Nimeikata katikati. Kipande kimoja chako, kimoja changu. Kikikuzidi urefu wakukunje mara nyingi, utakifikia. Barabara ikikauka nitakuja Bungu nimevaa changu, nikae na Mwantumu tutazamane mpaka mmoja acheke. Nawe siku hiyo ufungwe chako, ili mtu akiita Mwamvua tuitike wote.

Mimi somo yako,
Mwamvua

Haruni mume wangu, kuna jambo moja ambalo halimo maktaba. Mtoto mwenye jina la bibi yako huamkiwa kama bibi yako. Barua yako ijayo naitaka ianze na shikamoo mbili.